Tope la Ukambani, Riziki ya Ndege wa Sabaki

Mwezi wa Aprili, kaskazi inapolegea na kusi haijashika, hupenda kwenda kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, maji yakiwa yamekupwa. Sina elimu kubwa ya ndege. Nina darubini kuukuu na macho ya mtu aliyepita miaka hamsini. Lakini ninayoyaona pale hayahitaji darubini. Juu ya tope na visiwa vidogo vya mchanga huwa wametapakaa vitwitwi, sululu na shakwe, wakidona bila kupumzika, kama mtu anayekula daku na imsaki iko mlangoni.

Wana sababu ya kufanya haraka. Mtazame kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo. Alipofika mwezi wa Agosti au Septemba alikuwa kijivu, wala hakuvutia jicho. Sasa kifua chake kimekuwa chekundu mfano wa tofali, maana amevaa nguo za arusi. Mazalio yake yako Siberia, kaskazini kabisa ya Urusi, na uzito wake ni kiasi cha gramu 60 tu. Masurufu ya safari hiyo ya maelfu ya maili ni mafuta anayojiwekea mwilini katika wiki hizi chache. Asiyeshiba hapa huenda asifike huko, na akifika huenda asiwe na nguvu ya kuzaa.

Wakati wageni hawa wanaaga, wengine wanabisha hodi. Kusi inapoanza huja ndege wa hudhurungi kutoka Bukini, wenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, wakakaa nasi mpaka karibu na Septemba. Wazee wetu walioyapokea majahazi ya Arabuni kwa kaskazi, na kuyasindikiza kwa kusi, wangeufahamu mpango huu bila ya mwalimu.

Sasa swali langu ni hili, ndugu msomaji: tope hili linalowalisha ndege wa nchi tatu nne limetoka wapi?

Jawabu niliipata mbali na bahari. Shughuli ya arusi ilinipeleka Makueni, na katika kurudi nikapita barabara ya Kibwezi iendayo Kitui, pale inapovuka mto Athi. Kando ya njia alikuwako hudhud, yule yule aliyetajwa katika kisa cha Nabii Suleiman, akichokoa ardhi kwa mdomo wake mrefu. Chini ya daraja maji yalikuwa mekundu, mazito, yenye haraka. Kijana mmoja wa Kikamba akaniuliza natazama nini. Nikamwambia, "Natazama mto wa kwetu." Akacheka, akidhani mzee amepotea njia.

Sikupotea. Mto ni mmoja wenye majina matatu. Huanzia upande wa Nairobi ukiitwa Athi, ukapita mpakani mwa Makueni na Kitui. Ukikutana na mto Tsavo huitwa Galana. Na ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Katika kushuka hukusanya udongo wa vilima na mashamba ya Ukambani. Udongo ule ukifika kwetu hutulia, wakazaliwa ndani yake chungu ya vidudu na nyungunyungu wa baharini. Hicho ndicho chakula cha vitwitwi. Na si vitwitwi peke yao: kamba wanaovuliwa tangu Malindi mpaka Ghuba ya Ungwana hustawi kwa rutuba inayoletwa na Sabaki na Tana. Kwa hakika kamba wa baharini anakula shamba la Mkamba wa bara.

Hata hivyo, udongo haukuwa ukishuka kwa wingi huu siku zote. Wataalamu walichunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300, wakasoma matabaka yake kama mtu asomavyo kurasa za kitabu, na mwaka 2007 wakachapisha waliyoyaona: alama ya udongo ilianza kuzidi mapema katika karne ya 20. Hizo ndizo siku ambazo Wakamba walifungiwa ndani ya mipaka iliyochorwa na serikali ya kikoloni, na ardhi nyingine wakapewa walowezi. Mifugo ikabanana, majani yakaisha, mvua ikachukua kilichobaki. Dawa ya wakoloni mwaka 1938 ilikuwa kuwauzia watu ng'ombe wao kwa lazima. Wakamba kwa maelfu wakaenda Nairobi kulalamika, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akakamatwa akahamishiwa Lamu. Kumbe hata siasa ya udongo wa Ukambani iliteremka mpaka pwani.

Tangu hapo Wakamba wamefanya kazi ya kusifiwa. Wamekata matuta ya "fanya juu", ambayo mkulima huchimba mtaro na udongo akautupa upande wa juu ili uzuie maji. Huko Kitui wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga, yaani ukuta unaokingama kijito, mchanga ukajaa nyuma yake na maji yakajificha ndani ya mchanga. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ikapitisha sheria ya kulinda mchanga wa mito usizolewe ovyo na malori. Yote hayo ni kheri, na sisi wa pwani tunashukuru, kwa kuwa udongo ukizidi huyanyima nuru matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, na bahari ikawa na rangi ya chai ya maziwa.

Lakini sasa limekuja jambo kubwa kuliko matuta. Mwaka 2018 ulizinduliwa ujenzi wa Bwawa la Thwake, pale mto Thwake unapoingia Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Ukuta wake ni wa kimo cha meta 80 hivi, na umepangiwa kuzuia zaidi ya meta za ujazo milioni 600 za maji, kwa kunywa, kumwagilia mashamba na kutoa umeme. Sina ndimi ya kulipinga. Nimewaona akina mama wa kule na mitungi yao na punda wao, wakifukua mchanga wa mto mkavu. Mwenye bomba nyumbani hana haki ya kumwambia mwenye kiu asubiri.

Ninachosema ni kwamba ukuta unaozuia maji huzuia na tope. Bwawa la Masinga katika mto Tana, lililokamilika mwaka 1981, limekuwa likijaa udongo upesi kuliko ilivyokadiriwa. Misri ilipoufunga mto Nili kwa Bwawa Kuu la Aswan katika miaka ya 1960, ilipata umeme na mashamba, lakini bahari ikaanza kuila pwani ya delta, na uvuvi wa dagaa mlangoni mwa mto ukaporomoka. Sabaki haitakosa tope kwa siku moja, kwani viko vijito vinavyoingia chini ya Thwake. Lakini atakayesubiri mpaka vitwitwi wapungue ndipo aulize, atakuwa amechelewa.

Sisi watunga mashairi twaijua mizani. Silabi ikizidi, ubeti hukwaza, ikipungua, huchechemea. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Ar-Rahman ametutajia mizani aliyoiweka, akatukataza kuivuka. Udongo ukizidi unaua matumbawe. Ukikosekana unaua tope la ndege na kamba.

Tena sheria yetu haikuliacha jambo hili. Imepokewa katika Hadithi kwamba Zubeir na mtu mmoja wa Ansari waligombania mfereji wa maji huko Madina. Shamba la Zubeir lilikuwa juu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru Zubeir anyweshe shamba lake, kisha ayaachilie maji yaende kwa jirani yake. Wa juu ana haki ya kutangulia, lakini hana haki ya kumaliza.

Basi maombi ya mtu wa chini si makubwa. Wanaosimamia Thwake waweke kipimo cha maji yatakayofunguliwa kila msimu, hasa wa mvua, na wafikirie njia ya kupitisha tope. Kaunti ya Kilifi ipewe kiti pale Makueni na Kitui wanapokaa kuzungumzia mto huu, na wavuvi wetu wawe na msemaji wao. Na zihesabiwe idadi za ndege wa Sabaki kila mwaka, kabla bwawa halijajaa na baada yake, ili siku ya kulalamika tuwe na ushahidi.

Vitwitwi hawatahudhuria mkutano huo. Lakini katika Sura ya Al-An'am tumefundishwa kwamba nao ni umma mfano wetu, na wao pia ni majirani wa chini.