Picha ya meli: mali bila daftari hupotea bila habari

Kila soko la hisa linapolegea, hujitokeza washauri wanaowaambia wenye akiba ndogo wahamishie fedha zao kwenye vitu vya kale: sarafu, stempu, samani na picha. Katika minada ya New York na London, picha za meli zilizochorwa kwa kuagizwa na wenye meli wa karne ya 19 ni bidhaa ya kudumu. Wanunuzi wapo na bei zipo. Hata hivyo, wengi wanaoisifu bidhaa hii hawamwelezi mteja ni kitu gani hasa anachokilipia. Asiyelijua hilo atanunua kitambaa chenye rangi kwa bei ya hati.

Picha za aina hii tangu awali zilikuwa kazi ya mapatano, sawa na kazi ya seremala. Mwaka 1674 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza aliwaajiri Waholanzi wawili, Willem van de Velde na mwanawe mwenye jina hilo hilo, kila mmoja kwa paundi 100 kwa mwaka. Kazi iligawanywa waziwazi: baba achore michoro ya vita vya baharini, mwana aitie rangi. Mzee huyo alikuwa na desturi ya kufuatana na manowari hadi vitani akiwa ndani ya chombo kidogo, akichora kile alichokiona. Mfalme alikuwa analipia ushahidi.

Karne mbili baadaye wateja wengi walikuwa wafanyabiashara. Mwenye kampuni ya meli alitaka picha ya kutundika ofisini ili mwenye shehena aione kabla ya kutia saini. Nahodha alitaka yake ya kupeleka nyumbani, na mjenzi wa meli alitaka kielelezo cha kazi yake.

Mjini New York kazi hiyo ilifanywa kwa miaka mingi na James Bard, aliyezaliwa mwaka 1815. Mwanzoni alishirikiana na pacha wake, John. Bard alichora vyombo vya mvuke vya Mto Hudson, vile vyenye magurudumu makubwa ubavuni. Alivipima kwanza, kisha akavichora kwa vipimo, kila dirisha na kila nguzo mahali pake. Watu katika picha zake wamekakamaa kama vinyago, na maji yake hayana uhai, lakini wajenzi wa meli waliokuwa wateja wake hawakuwa wakitafuta maji. Bard alikufa mwaka 1897 akiwa maskini. Aliyeandika taazia yake ni Samuel Ward Stanton, naye mchoraji wa meli, ambaye mwaka 1912 aliangamia katika ajali ya Titanic.

Dola tano kwa picha

Kisa kinachomfundisha zaidi mwekezaji ni cha Antonio Jacobsen, aliyezaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1850 na kuhamia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1870. Huko alianza kwa kupamba masefu kwa rangi katika kampuni ya Marvin. Mtu wa kampuni ya meli ya Old Dominion aliiona kazi ya mkono wake, akampa agizo la kuchora meli za kampuni hiyo. Kampuni nyingine zikafuata, pamoja na manahodha na mabaharia wa kawaida. Hadi anafariki mwaka 1921, inakadiriwa alikuwa amechora picha 6,000 hivi, na baadhi aliziuza kwa dola 5 tu.

Jacobsen aliendesha sanaa yake kama duka. Aliishi West Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York, karibu na gati za meli zilizovuka Atlantiki. Mpangilio wa picha zake haubadiliki sana: meli inaonekana ubavu mzima, bendera ya kampuni iko juu mlingotini, na rangi za bomba la moshi zimewekwa sawasawa ili mteja aitambue mali yake. Katika miaka ya baadaye aliacha kitambaa mara nyingi, akachora kwenye ubao wa karatasi ngumu ambao ni rahisi zaidi kwa bei. Pembeni aliandika jina lake, mwaka na, kwenye picha nyingi, anwani: 705 Palisade Avenue, West Hoboken. Kila picha iliyotundikwa ofisini ikawa tangazo la kumwelekeza mteja mwingine mahali pa kuja. Maandishi hayo ya kutafutia wateja ndiyo yanayomsaidia mnunuzi wa leo kuikagua picha, hasa kwa kuwa jina la mji huo lilitoweka mwaka 1925, ulipoungana na Union Hill na kuitwa Union City.

Miongoni mwa vyombo alivyochora ni meli ya abiria Portland, iliyojengwa kwa mbao huko Bath, Maine, mwaka 1889. Jioni ya Novemba 26, 1898, Portland iliondoka Boston kuelekea mji wenye jina hilo hilo, ikakutana na dhoruba kali, ikazama na wote waliokuwamo, karibu watu 200. Idadi kamili haikujulikana kamwe, kwa sababu orodha ya abiria ilikuwa ndani ya meli hiyo hiyo. Mahali ilipolala palithibitishwa mwaka 2002. Orodha ya majina ilikwenda chini, sura ya chombo ikabaki juu kwa sababu kuna aliyelipa ichorwe. Hiyo ndiyo thamani anayoinunua mtu anapotaja bei mnadani.

Wapo watakaosema kwamba picha bora ni ile yenye kusisimua, na kwamba vipimo ni kazi ya karani. Wanaweza kumtaja J. M. W. Turner, ambaye Mfalme George wa Nne alimwagiza achore vita vya Trafalgar. Picha hiyo ilikamilika mwaka 1824. Kwenye kitambaa kimoja Turner aliweka bendera za ishara zilizopandishwa kabla ya mapigano, mlingoti ulioanguka mapigano yalipopamba moto, na meli ya Ufaransa Redoutable ikizama, jambo lililotokea siku iliyofuata. Mabaharia walilalamika, na mwaka 1829 picha ikapelekwa Greenwich. Leo watu huiendea kwa heshima kubwa. Lakini hilo ni soko jingine. Picha ya Turner hununuliwa kwa jina la Turner. Ya Bard au Jacobsen hununuliwa kwa jina la meli.

Hesabu ya riba

Je, ni kitega uchumi kizuri? Picha za Jacobsen huuzwa kwa maelfu ya dola, na baadhi kwa makumi ya maelfu. Ukilinganisha na dola 5, faida inaonekana kubwa mno. Lakini dola 5 zilizowekwa mwaka 1890 kwa riba ya asilimia 5, riba ikiongezwa kila mwaka kwenye mtaji, zingefikia takriban dola 2,840 mwaka 2020. Kwa asilimia 6 zingefikia takriban dola 9,740. Kwa hiyo picha nyingi za kawaida zimekwenda sambamba na akiba ya benki tu, kabla ya kutoa ada ya dalali, bima na gharama za kuisafisha. Zinazovuka kiwango hicho kwa kawaida ni zile ambazo meli yake inajulikana na kisa chake kinaweza kuthibitishwa.

Ndiyo maana mwenye akiba ndogo hana budi kukagua kabla ya kutoa fedha. Jina la meli litafutwe katika vitabu vya Lloyd's Register, ambavyo vya zamani zaidi vilivyobaki ni vya mwaka 1764. Picha iliyotiwa saini mwaka 1885, ikionyesha meli iliyojengwa mwaka 1889, ni ya kurudisha kwa mwenyewe. Muuzaji aulizwe ilitoka katika ofisi au nyumba gani, na atoe karatasi. Akileta hadithi tupu, bei ishuke ilingane na ya pambo la ukutani.

Wachoraji wa meli wanaopokea maagizo wapo hadi leo, na anayeagiza anaweza kuanzisha daftari lake mwenyewe. Aweke pamoja barua ya agizo, stakabadhi ya malipo na maelezo ya meli, na mchoraji aandike nyuma ya picha jina la chombo, mwenye chombo na mwaka. Gharama yake ni dakika chache na bahasha moja. Warithi wake watakapotaka kuuza, bahasha hiyo itakuwa na thamani kuliko fremu.