Wanaosema Katiba Hailiwi

Kauli hii imezagaa vijiweni, kwenye daladala na hata majukwaani: wananchi hawali katiba. Tupewe kwanza barabara, maji, zahanati na shule, hayo ya haki tutayajadili tumbo likishajaa. Anayeisema huonekana mtu wa vitendo, na anayeipinga huonekana msomi aliyeshiba. Mimi naipinga, tena naipinga kwa ajili ya tumbo hilo hilo.

Tuanzie Tabata. Miaka ya 1980 taka za Jiji la Dar es Salaam zilikuwa zinamwagwa pale, jirani kabisa na nyumba za watu. Moshi wa taka zinazoungua, uvundo na mainzi vikaingia hadi vyumbani. Wakazi wakaishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988, wakashinda. Halmashauri ikarudi mahakamani kuomba muda zaidi wa kuendelea kumwaga. Jaji Lugakingira akakataa, na katika kukataa kwake akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi: chombo cha umma hakiwezi kuhatarisha maisha ya wananchi kisha kikajitetea kwamba kinatimiza wajibu wake. Jiji likahamishia taka zake Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi zaidi ya 700 wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991, nao wakashinda.

Mtoto anayelala bila kukohoa moshi wa dampo amepata maendeleo, na hakuyapata kwa ahadi ya kampeni wala fedha za mfadhili. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na mahakama zikaruhusiwa kuzisimamia kuanzia Machi 1988. Watu wa Tabata walivuta moshi ule kwa miaka kabla ya hapo, na hawakuwa na ibara ya kumwonyesha jaji.

Au tazama shauri la Muleba. Mama mmoja wa Kihaya alirithi shamba kutoka kwa baba yake, kwa wosia. Uzeeni, akiwa hana wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani: kwa mila, mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikampa mpwa ushindi. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inakwenda kinyume na Katiba inayokataza ubaguzi, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Mama yule alihitaji chakula, dawa na mtu wa kumchotea maji. Shamba lilikuwa mtaji wake pekee. Mbele ya kesi hii, anayesema katiba haijazi tumbo angemjibu nini?

Najua hoja kubwa ya upande wa pili, na ni hoja nzito. Nchi hii ilipopata Uhuru, Serikali ilikataa kuweka haki za binadamu ndani ya Katiba, kwa madai kwamba zingeikwamisha kazi ya kujenga taifa. Na bila haki hizo, mambo makubwa yalifanyika. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 uandikishaji ulikuwa umepanda kiasi cha kuishangaza dunia. Watu wazima walijifunza kusoma kwenye madarasa ya jioni, vijiji vikapata zahanati. Sitabeza hata kidogo kazi ile, wala walioifanya.

Lakini angalia kilichofuata. Uchumi ulipoyumba, ada na michango vikarudi shuleni, na uandikishaji ukashuka. Wazazi walioshindwa kulipa walibaki na watoto nyumbani, na ada ya shule za msingi haikufutwa tena mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika miaka yote ile, kizazi kizima kikipungukiwa, hakuna mzazi aliyeweza kuitaka Serikali ijieleze mbele ya jaji. Elimu ile ilikuwa sera. Waliokuwa na uwezo wa kuitoa ndio waliokuwa na uwezo wa kuiondoa.

Na hapo ndipo kidonda chetu kilipo mpaka leo. Ibara ya 11 ya Katiba inataja haki ya kufanya kazi, kujielimisha na kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Maneno mazuri. Lakini ibara ya 7(2) inazizuia mahakama kuyasimamia masharti ya sehemu ya Katiba yenye ibara hiyo. Wenzetu Wakenya, katika Katiba yao ya 2010, waliweka afya, makazi, chakula, maji na elimu katika ibara ya 43, ndani ya sura ya haki zenyewe, na mahakama zao zinasikiliza mashauri hayo. Kenya ina njaa na ina mitaa ya mabanda, sikatai. Ila mwananchi wake ana mlango wa kubisha.

Hata milango michache tuliyonayo imewahi kubanwa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama, vinavunja Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Shauri lile lilifunguliwa na mwanaharakati kwa niaba ya mabinti. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa: anayedai haki za msingi mahakamani akatakiwa aeleze kwa kiapo jinsi ukiukwaji ulivyomgusa yeye binafsi. Yaani binti wa miaka 14, ambaye ameshatolewa shule, ndiye aliyetakiwa kutafuta wakili, nauli na ujasiri wa kwenda kuishtaki Serikali.  Mjadala wa katiba mpya utakaporejea, wabunge wa kila chama watuambie mapema kama watapiga kura ya kuondoa kizuizi cha ibara ya 7(2), au watakibakiza.