Moteri Inazima Katikati ya Ziwa: Fuateni Njia ya Esanse Kabla ya Kutuma Pesa

KONA YA FUNDI

 

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja wa hapa kambini. Shemeji yake amesharudi Magara, kule ambako barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge inapita kando kabisa ya ziwa. Amekuta moteri ya marehemu mzee, Yamaha ya zamani ya mapigo mawili, imelala chumbani miaka mingi. Ameifunga kwenye mtumbwi. Inawaka vizuri, inakwenda kama dakika kumi, halafu inazima. Ikipumzika kidogo inawaka tena. Fundi wa huko amesema kabureta imekufa, inunuliwe nyingine. Sasa shemeji amepiga simu, familia ichange. Mama anauliza: tuuze sehemu ya posho tutume, ama tungoje?

Mama, ngojeni kwanza. Si kwamba shemeji anadanganya, wala hatusemi fundi hajui kazi. Ila moteri inayowaka vizuri na kuzima baada ya dakika chache, mara nyingi ina njaa ya esanse. Na esanse inaweza kukwama sehemu nyingi kabla ya kufika kwenye kabureta. Kabureta ni kituo cha mwisho. Tangi, mpira na chujio vinakaguliwa bila kununua kitu. Basi tuanze nyuma, kwenye tangi, twende mbele hatua kwa hatua.

Kwanza: tundu la hewa

Juu ya kifuniko cha tangi la moteri kuna skrubu ndogo ya hewa. Wakati wa kusafiri lazima ifunguliwe. Ikifungwa, esanse inatoka lakini hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Tangi linajikunja ndani, moteri inavuta bila kupata kitu, inazima. Ukingoja kidogo hewa inapenya polepole, inawaka tena. Ndiyo ile hali ya shemeji!

Wanaotumia bido badala ya tangi wanapata shida hiyohiyo wakikaza kifuniko bila kuacha njia ya hewa. Kupima ni rahisi. Moteri ikizima, fungua kifuniko. Ukisikia hewa inaingia "fyuuu", umepata ugonjwa, na dawa yake haina bei.

Pili: pampu ya mkono

Katikati ya mpira wa esanse kuna kile kipande kinene kama yai, cha kubonyeza kwa mkono. Mshale uliochorwa juu yake uelekee kwenye moteri. Ukikibonyeza mara kadhaa kinatakiwa kuwa kigumu. Hiki ndicho kinachosema ukweli kuliko kitu kingine chochote:

- Kikinywea na kubaki bapa wakati moteri inazima, kuna kizuizi nyuma yake: tundu la hewa, au kichujio kidogo kilicho ndani ya tangi kwenye bomba la kuvutia.
- Kisipokuwa kigumu kabisa, hewa inaingia mahali fulani kwenye mpira, au vali zake zimechoka. Ikiwa esanse inamwagika kwenye kabureta, basi sindano ya boya haifungi.
- Moteri ikianza kufa, mtu akabonyeza mfululizo nayo ikaendelea, basi pampu ndogo ya kwenye moteri imechoka, utando wake umekauka au umetoboka. Au mpira unavuta hewa.
- Kikibaki kigumu na moteri bado inazima, hapo ndipo tunaanza kuitazama kabureta.

Tatu: mpira wenyewe

Mpira uliokaa miaka mingi unapasuka vipasuko vidogo ambavyo esanse haivuji, lakini hewa inapita. Upinde kwa vidole uone. Angalia pia pale unapoingia kwenye tangi na kwenye moteri. Ukiwa na ufa mwishoni, kata kipande kile kibovu, rudisha, funga kwa kibana chake. Ukiwa na ufa katikati, badilisha. Msifunge kwa nailoni, itawaumbua mbali na nchi kavu.

Nne: maji na uchafu

Hapa nawaomba mtulie. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia nyumba nyingi za ufukweni upande wa Rumonge. Tangi lililokuwa chini wakati ule huenda lina maji mpaka leo. Halafu kuna esanse yenyewe. Uhaba wa mafuta uliosumbua Burundi miaka ya 2022 hadi 2025 ulizoesha watu kununua kwa chupa na bido, wala hujui imepita mikono mingapi.

Pimeni hivi. Mimina esanse kidogo katika chupa safi inayoona, iache itulie. Maji ni mazito kuliko esanse, yatakaa chini na utauona mstari. Kupima kama imechanganywa na mafuta ya taa au mazuti, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Esanse safi inakauka upesi. Ikibaki alama ya mafuta, kuna kitu kingine ndani. Kipimo hiki kifanyike kabla ya kutia oili, kwa sababu oili nayo inaacha alama.

Esanse ya zamani iliyobaki ndani ya tangi isitumike. Ikikaa miezi mingi inaharibika na kuacha kitu kama gundi. Oshea tangi kwa esanse safi kidogo. Tafadhali, msimwage uchafu huo ziwani, maji yale watu wanayanywa.

Tano: sasa kabureta

Kama yote ya nyuma ni mazima, twende. Chini ya kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Kinga kwa kopo, tazama kama panatoka maji au takataka. Dalili za jeti (wengine tunaita jigleri) kuziba ni hizi: moteri inakubali kwenda ikiwa choki imevutwa tu, ukiirudisha inakufa. Au inakwenda vizuri kwa mbio, lakini ikipunguzwa inazima.

Hata hapo, mara nyingi dawa ni kuosha, si kununua. Ifunguliwe juu ya kitambaa safi, jeti zioshwe kwa esanse safi, zipulizwe kwa pampu ya baiskeli. Msichokonoe kwa waya mgumu. Tundu la jeti limepimwa kiwandani, ukilipanua umeiharibu kweli, na hapo mtanunua.

Je, ni esanse au ni moto?

Vuta kamba mara kadhaa bila moteri kuwaka, kisha toa plagi, yaani buji. Ikiwa kavu, esanse haifiki. Ikiwa imelowa, esanse inafika, tafuta upande wa umeme. Angalia pia kama maji ya kupoza yanatoka wakati moteri inakwenda. Moteri iliyochemka nayo inazima, na hiyo si kosa la esanse.

Oili

Yamaha nyingi za zamani za aina hii zinatumia oili sehemu 1 kwa esanse sehemu 50, lakini mtazame kitabu au kibandiko cha moteri yenu. Kwa 50 kwa 1 hesabu ni hii: lita 5 za esanse, oili mililita 100; lita 10, mililita 200; lita 25, nusu lita. Iwe oili ya mapigo mawili. Anayepunguza oili ili kubana matumizi ataua pistoni, na pistoni ni ghali kuliko oili ya mwaka mzima.

Akina mama na watoto, sikilizeni hapa

Esanse isihifadhiwe ndani ya nyumba ya kulala, wala karibu na jiko, wala kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Akinywa, msimtapishe, mkimbizeni kituo cha afya. Na ninyi vijana, acheni kuvuta esanse kwa mdomo kwenye mpira. Kidogo tu kikiingia kwenye mapafu kinaweza kuua. Usiku msifungue tangi mbele ya taa ya moto wala mwenye sigara.

Kabla hajapakia watu

Mama, hili ndilo kubwa kuliko pesa. Ninyi mliofika Kagunga mwaka 2015, mkapelekwa Kigoma kwa meli ya MV Liemba, mnalijua ziwa hili. Kina chake kinapita mita 1,400, na miezi ya kiangazi, tangu Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini unainua mawimbi makubwa. Mtumbwi ukizimikiwa moteri hauna usukani, unageuka ubavu kwa mawimbi.

Basi mwambieni shemeji: moteri inayozima haibebi abiria wala wavuvi wa usiku. Aifunge kwenye mtumbwi uliofungwa ufukoni, propela ikiwa majini, aiache iende nusu saa nzima bila kuzima. Asiiwashe ikiwa kavu nje ya maji. Siku ya kwanza aende karibu na nchi kavu, mchana, akiwa na kasia mbili, jaketi za kuokolea na plagi ya akiba. Ikimzimikia, aelekeze pua ya mtumbwi kwenye mawimbi kwa kasia kwanza, ndipo ashike spana.

Maswali ya kwenye simu

Vocha ni ghali, kwa hiyo mama andika maswali haya manne kwenye karatasi:

1. Shemeji, skrubu ya hewa kwenye tangi ilikuwa wazi?
2. Moteri ilipozima, pampu ya mkono ilikuwa ngumu au bapa?
3. Esanse umeitulizisha kwenye chupa? Umeona nini chini?
4. Kabureta imefunguliwa na kuoshwa, au imetazamwa kwa nje tu?

Akiwa na majibu ya yote manne, na bado kabureta ndiyo mbovu, hapo changeni bila kinyongo. Mtakuwa mnanunua kitu kinachohitajika. Kama hana majibu, mwambieni kwa heshima ajaribu kwanza, halafu apige tena. Mdogo wa marehemu hatakasirika akielewa kwamba mnalinda posho ya watoto na roho yake mwenyewe.

Mwenye swali la chombo chochote, baiskeli, redio, cherehani, alete kwa maandishi kama kawaida. Tukutane mwezi ujao.