Furaha Katika Misa ya Marehemu Si Aibu

Wako watu katika nchi yetu ya Mara, tangu Musoma hata Bunda na Butiama, wanung'unikao wasikiapo Aleluya ikiimbwa katika Misa ya kumkumbuka marehemu. Husema, "Wakristo hawa hawana huruma, washangilia hali mtu wao yumo udongoni." Maneno hayo twayakataa, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, kulia hakukukatazwa. Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, hali akijua kwamba atamfufua. Mtume Paulo naye hakuwaamuru Wathesalonike wakaushe macho. Aliwaonya wasiomboleze kama wapagani, ambao kwao kaburi ni mwisho wa safari. Machozi na tumaini hukaa nyumba moja. Mshumaa uwashwao karibu na jeneza wakati wa mazishi ndio ule ule wa Pasaka. Basi auonaye mshumaa huo akachukizwa na wimbo, na aseme waziwazi kama ausadiki ufufuko au hausadiki.

Pili, desturi hii si ya jana. Polikarpo, Askofu wa Smirna, alipouawa kwa ajili ya imani katika karne ya 2, Wakristo wake waliikusanya mifupa yake, wakaazimu kukutana kila mwaka kwa furaha katika siku ile, nao wakaiita siku ya kuzaliwa kwake. Je, watu wale hawakumpenda baba yao?

Tatu, na tutazame Butiama. Mwalimu Julius Nyerere alibatizwa mwaka 1943, akafa London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kijijini kwake tarehe 23 mwezi ule ule. Nchi nzima ililia. Hata hivyo mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza kuyachunguza maisha yake, ili Kanisa lipime kama yafaa kumtangaza mwenye heri. Naye huitwa Mtumishi wa Mungu. Ni nani afanyaye kazi hiyo kwa ajili ya mtu aliyekwisha kabisa? Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba waamini humwombea, tena humshukuru Mungu kwa ajili yake. Kuomba na kushukuru, hiyo ndiyo furaha tuinenayo.

Lakini wako na wengine, nao twawaonya kwa ukali zaidi: wale wadhanio kwamba furaha ni nyama na pombe. Mjane auza ng'ombe wake wa mwisho ili majirani wasimcheke. Mwezi wa pili mtoto wake akaa nyumbani kwa kukosa daftari na sare. Walioshiba siku ile hawaonekani tena. Furaha gani hii imwachiayo yatima deni? Huko Milano Askofu Ambrosio alikataza watu kupeleka vyakula na divai makaburini, maana desturi ile iliwafungulia walevi mlango. Monika, mama wa Augustino, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini, alitii mara moja, akawagawia maskini kadiri alivyoweza.

Basi, enyi wazee wa ukoo na viongozi wa jumuiya, shaurianeni hivi: Misa isaliwe, nyimbo ziimbwe kwa sauti kuu, ugali wa kuwatosha wageni watokao mbali upikwe, na ng'ombe wa mjane abaki zizini. Marehemu hatapungukiwa na kitu. Atakaye kumheshimu zaidi, na amnunulie mtoto wake daftari.