Wimbo Mmoja, Rekodi Moja Haitoshi



Katika parokia mojawapo ya upande wa Newala yupo mzee ambaye amekuwa mwalimu wa kwaya tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Zamani alitunga misa nzima: Bwana Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu na Mwanakondoo. Aliiandika kwa penseli katika daftari la shule, kwa do-re-mi, sauti zote nne. Kwaya ikaiimba miaka mingi. Kisha, msimu mmoja korosho zilipolipa vizuri, vijana wakachangishana, wakaenda mjini studio, wakairekodi. Mtu wa studio akaweka mdundo wa kinanda na kuongeza mwendo ili video ipate kuchezeka. Nasadiki aliiacha kabisa kwa kuwa ni ndefu. Na ile Bwana Utuhurumie, iliyokuwa ya watu wanaotubu, ikawa ya watu wanaowahi basi.

Likizo iliyopita baadhi yetu tulikuwapo kwenye mazoezi ya kwaya hiyo. Mzee alisimama, akaanzisha wimbo kwa mwendo wake wa zamani. Binti mmoja wa sauti ya kwanza, bila ubaya wowote, akamwambia: "Samahani Mwalimu, hapo siyo hivyo. Kwenye simu haiko hivyo." Watu wakacheka, na mzee naye akacheka, kisha akakaa. Mazoezi yakaendelea kwa mwendo wa simu.

Sisi pia tulicheka. Baadaye tulipolifikiri jambo lile tuliona halichekeshi. Mtunzi alikuwa amesahihishwa kwa rekodi ya utunzi wake mwenyewe, na hakuna aliyeona ajabu, hata yeye.

Maoni yetu ni haya: rekodi ni namna moja ya kuusoma wimbo, siyo wimbo wenyewe. Kwa hiyo wimbo uliorekodiwa mara moja tu, na mtu mmoja tu, umo katika hatari inayokaribia ile ya wimbo ambao haukurekodiwa kabisa.

Jambo hili tulianza kulielewa hapa seminarini, na mfano uliotufungua macho unatoka mbali. Katika kipindi cha muziki, padre anayetufundisha alitusikilizisha simfoni ya tano ya Carl Nielsen, mtunzi wa Denmark. Simfoni ni utunzi mrefu wa okestra nzima, kwa kawaida bila waimbaji. Alipomaliza akaiweka tena, lakini kutoka rekodi nyingine, ya okestra nyingine na kiongozi mwingine. Nota zilikuwa zilezile, lakini tulisikia kama watu wawili wanaosoma Injili moja, mmoja kwa upole na mwingine kwa onyo.

Nielsen alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha kisiwa cha Funen. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa nyumba, na kwenye harusi za vijijini alikuwa mpigaji wa fidla. Mtoto alijifunzia muziki humo humo kwenye sherehe, na alipofika miaka 14 akaingia bendi ya jeshi mjini Odense kama mpiga tarumbeta. Wengi wa wapiga ngoma wetu wa Masasi na Newala walianza kwa njia kama hiyo: kwa kumfuata baba penye shughuli. Alifariki mwaka 1931, ameacha simfoni sita. Ya nne, ya mwaka 1916, aliiita Isiyozimika, kwa kuwa aliamini uhai hauzimiki, na muziki hali kadhalika.

Nje ya nchi yake hakujulikana sana kwa miaka mingi. Waliomtoa ni viongozi wa okestra, mmoja baada ya mwingine, kwa kurekodi nota zilezile tena na tena. Mwaka 1954 Thomas Jensen, Mdenmark aliyesoma chini ya Nielsen mwenyewe, alirekodi simfoni ya tano na okestra ya redio ya Denmark. Mwaka 1962 Leonard Bernstein aliirekodi New York, kwa damu ya moto ya Kimarekani. Kisha akaja Herbert Blomstedt, mtoto wa mchungaji wa Kisabato, ambaye hafanyi mazoezi siku ya Sabato, lakini siku hiyo hiyo hukubali kuongoza tamasha, kwa kuwa kwake kuupiga muziki mbele ya watu kunafanana na ibada. Alirekodi simfoni zote sita na okestra ya redio ya Denmark katika miaka ya 1970, na mwishoni mwa miaka ya 1980 akazirudia zote na okestra ya San Francisco. Hakusema, "Hizi nilishazimaliza."

Katika sehemu ya kwanza ya simfoni hiyo ya tano kuna jambo ambalo mpiga ngoma yeyote wa sindimba angelipenda. Upo mpiga ngoma mmoja, ile ndogo ya kijeshi yenye nyuzi chini. Muziki unapopanda, Nielsen anamwachia uhuru: apige atakavyo, kwa mwendo wake, kana kwamba anataka kuizuia okestra isiendelee kwa gharama yoyote. Hapo nota zinanyamaza, na mtu anaachiwa. Ndiyo sababu hakuna rekodi mbili za simfoni hiyo zinazofanana mahali hapo. Mtunzi mwenyewe aliacha mlango wazi, na kila rekodi inaingia kwa mguu wake. Anayeisikia moja tu atadhani ngoma ile imeandikwa hivyo. Akisikia tatu, atajua wimbo uko wapi na mpigaji yuko wapi.

Turudi kwetu, kwa maana sisi tulirekodiwa mapema kuliko simfoni za Nielsen. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Masasi na kukaa wiki kadhaa Newala, akiwa na fonografu. Ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya misioni za Lukuledi na Nyangao kuchomwa katika vita ya Maji Maji, na ni mwaka uleule Wabenediktini walipoanza Ndanda. Weule aliwaimbisha Wayao, Wamakua, Wamakonde na wapagazi wake Wanyamwezi mbele ya pembe ya mashine. Katika kitabu chake amemtaja mwimbaji kipofu wa pande za Masasi, jina lake Sulila. Silinda zake za nta ziliingia katika hifadhi ya sauti ya Berlin, ambayo mwaka 1999 UNESCO iliiorodhesha katika kumbukumbu za dunia.

Tunashukuru kwamba zipo. Lakini silinda ya nta ilichukua dakika mbili au tatu, na ngoma ya huku kwetu hukesha hadi alfajiri. Kwa hiyo mashine ndiyo iliyoamua wimbo uanzie wapi na ukomee wapi. Na aliyeiendesha alikuwa mgeni, aliyekuja na kuondoka katika miezi michache, kwa kazi ya makumbusho ya kwao. Hakurudi kurekodi mara ya pili kwa namna nyingine, na sisi wenyewe hatukurekodi. Mtu akitaka leo kusikia mababu zetu wa mwaka ule walivyoimba, anasikia dakika zile tu.

Mtu wa studio aliyeikata Nasadiki ya mzee wetu kwa sababu ni ndefu hakufanya jambo geni. Ni ile ile silinda.

Kanisa lilishatuonya tusiuchukulie muziki wetu kijuujuu. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, ya Desemba 1963, inasema katika namba 119 kwamba watu wa nchi za misioni wana mapokeo yao ya muziki, na yapewe heshima na nafasi inayostahili. Mwaka huohuo padre Mtanzania, Stephen Mbunga, alitoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akiwa tayari ametunga Misa Baba Yetu. Baada yake wamekuja watunzi wengi, na leo hatuna njaa ya nyimbo. Njaa yetu ni ya kuzirudia nyimbo kwa uangalifu. Kila mwaka tunataka albamu mpya, na ile ya mwaka juzi tunaiachia simu iitunze.

Wapo watakaosema tunawaonea vijana. Hapana. Bila wao misa ile isingetoka nje ya parokia. Leo inaimbwa Masasi, inaimbwa Tunduru, na wapo wanaoiimba Dar es Salaam. Mwendo wa haraka si dhambi, na kucheza mbele ya Mungu hata Daudi alicheza. Usomaji wao ni usomaji halali. Kosa ni kuwa peke yake, kwa sababu usomaji ulio peke yake hugeuka sheria, hata juu ya aliyetunga.

Wengine watasema Wadenmark wana fedha na okestra, sisi tuna nini? Tuna simu hiyo hiyo iliyomkosoa mzee. Tunapendekeza mambo manne, na hakuna linalohitaji mfadhili.

Kwanza, kila mtunzi mzee arekodiwe akiongoza wimbo wake mwenyewe, hata kama ni chini ya mwembe na jogoo anawika, na aeleze kwa maneno yake kwa nini anaupeleka hivyo. Pili, daftari lake lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na nota zichapwe zikiwa na jina lake, mwaka na mwendo. Tovuti ya Swahili Music Notes imeshaonyesha kwamba kazi ya kuzitunza nota na kuzigawa inawezekana. Tatu, misa moja irekodiwe na kwaya mbili walau, tuseme moja ya Masasi na moja ya Newala, kila moja na mwalimu wake, tusikie tofauti. Nne, sisi waseminari tufundishwe kuongoza kwaya kwa kusikiliza rekodi mbili za wimbo mmoja, kwa sababu kesho tutakuwa mapadre wa parokia, na mwalimu wa kwaya atatuuliza: twende na mwendo upi?

Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla na bonde linashuka mpaka Ruvuma. Zamani watu walikuwa wakiimba juu ya uwanda ule usiku kucha, na bonde likisikia. Mengi ya yale hayapo tena, na hakuna wa kulaumiwa leo. Kwa Nasadiki ya mzee wetu hatutakuwa na udhuru huo.

Tulimwandikia kupitia mjukuu wake, tukaomba ruhusa ya kulipiga picha daftari. Akajibu kwamba daftari lipo, ila panya wamekula kurasa za Nasadiki. Studio haikuichukua, na kwaya haijaiimba tangu siku ile. Kwa sasa imebaki kichwani mwake tu. Anasema anaikumbuka yote, sauti nne, na kwamba tuje mapema kabla ya mvua, maana kifua kinamsumbua.

Likizo inaanza mwezi ujao. Tutakwenda.