Fungu la jero na michoro yenu ya Canva

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea, msinune. Mi nipo field huku Mbegani, chumba nimepanga Mlingotini, mtandao unakupwa na kujaa kama bahari yenyewe, na leo nina hasira. Mnivumilie.

Ripoti yangu imerudishwa. Msimamizi (simtaji, na wala si mtu mbaya, juzi kaninunulia chai) kapiga mstari mwekundu juu ya mchoro wangu na kuandika pembeni: "Hii si takwimu, ni shajara. Weka chati ya nguzo, kila mwezi nguzo yake." Siku hiyohiyo mshikaji mmoja wa darasa letu kasifiwa mbele ya watu kwa infografiki yake: rangi nne, vichoro vya samaki wanaotabasamu, duara limekatwa vipande kama keki. Ametoa Canva, templeti ya bure. Dodoso zake thelathini alizijaza mwenyewe kitandani, kwa kalamu tatu tofauti ili miandiko isifanane. Wote tunajua. Tunaita kupika data, tunacheka, tunaenda kula.

Sasa ngoja niwaambie mi nilifanya nini, halafu mtaamua nani kachora takwimu na nani kachora katuni.

Chini ya mwembe karibu na ninapokaa kuna mama anauza dagaa wa kukaanga. Fungu shilingi 500. Dodoso letu la kikundi lina swali linasema, "Fungu la dagaa ni shilingi ngapi?" Nimeliuliza siku ya kwanza, 500. Ya kumi, 500. Ukichora hiyo unapata mstari umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na chini yake unaandika kwa raha zako kwamba bei ni tulivu.

Lakini mi ndo ninayekula hao dagaa! Kuna siku nashiba na kuna siku nalala naota ugali. Nikaanza kuwahesabu. Mmoja mmoja, kwenye sahani, kabla ya kula, na watoto wa pale nyumbani wakaniona nimepata kichaa cha chuo. Nilihesabu siku 59, nikakosa nne tu (mbili nilikuwa Dar, mbili homa). Fungu nono kuliko yote lilikuwa na dagaa 68. Lililokonda kuliko yote, 21. Bei ileile, mama yuleyule, kile kifuniko cha ndoo anachopangia mafungu ndo kilekile.

Tena kuna kitu cha nyongeza. Ukizoeana na muuzaji anakutupia viwili vitatu, "chukua mwanangu". Mwanzoni nilikuwa nachanganya, nikagundua najidanganya, maana hapo napima upendo wa mama na si fungu. Nikatenga safu mbili kwenye daftari: fungu, na nyongeza. Na safu ya nyongeza ndiyo iliyonishtua. Kuna siku kama tisa mfululizo ilikuwa sifuri. Baada ya wiki kadhaa sifuri zikarudi, na idadi karibu ileile.

Nilikuwa naangalia kalenda ya ukutani na kukuna kichwa. Kumbe nilitakiwa kuangalia juu. Dagaa wa hapa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola na jenereta. Taa inavuta dagaa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu bahari yote inang'aa, taa yako haina maana, wavuvi wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Kila mtoto wa pwani anajua hili. Mi mwanafunzi wa mwaka wa tatu nilihitaji siku 59 na daftari.

Basi nikachukua sufuria, nikachora duara kwa kitako chake. Juu nikaweka mwezi mpevu, chini nikaweka giza, kila siku ya mwandamo ikawa na kijistari kinachotoka nje, urefu wake ndo idadi ya dagaa. Siku 59 ni miandamo miwili kamili, kwa hiyo nikachora raundi mbili, penseli na kalamu ya bluu. Zikalaliana! Likatokea umbo kama embe lililovimba chini na kubonyea juu. Halafu nikaongeza nukta nyekundu kwa kila siku ambayo mama mwenye nyumba wangu alishuka kwenye mwani, maana siku hizo chakula cha mchana hakuna, tunajitegemea. Mwani unaufuata bamvua, maji yanapokupwa mbali, huku kwetu kama saa nne asubuhi. Na bamvua huja mara mbili kwa mwandamo mmoja: mwezi mpevu na mwezi giza. Kwa hiyo nukta zikakusanyika juu na chini, vishungi viwili, wakati dagaa wana kilima kimoja tu. Bahari moja, kijiji kimoja, saa mbili tofauti za njaa. Sikutegemea kuliona hilo na hakuna dodoso lililoniuliza.

Sasa hiyo chati ya nguzo. Nimemchorea, mi si mkaidi. Mwezi wa kwanza wastani dagaa 44, mwezi wa pili 43. Nguzo mbili zimesimama sawa kama askari wa gwaride. Ni kweli tupu, na haisemi kitu chochote! Mwandamo una siku 29 na nusu hivi, mwezi wa kalenda una 30 au 31, kwa hiyo kila nguzo imemeza giza moja na mbalamwezi moja, ikazisaga pamoja. Ukiendelea mpaka Desemba utakuwa na nguzo kumi na mbili zinazofanana na utahitimisha kwamba huku watu wanakula vizuri mwaka mzima.

Najua mtasema, "sampuli ya mtu mmoja, mwembe mmoja." Ndiyo. Sijasema nimepima pwani ya Tanzania. Nimesema fungu la pale chini ya mwembe linakonda likiangaziwa na mwezi, na nimeshaonyesha kilichokosekana. Mwenye dodoso thelathini za kitandani anatuambia kuhusu wilaya nzima ya Bagamoyo na hajui hata harufu ya hao dagaa. Nani ana sampuli ndogo hapo? Yake ni sifuri!

Wengine mna woga mwingine, eti takwimu ni za serikali, utafungwa. Huo woga haukutoka hewani. Septemba 2018 Sheria ya Takwimu ya 2015 ilibadilishwa, ukitangaza takwimu za kupinga zile rasmi ukawa unangojewa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, au miaka isiyopungua 3 ndani, au vyote. Lakini Juni 2019 Bunge likairekebisha tena na kulifuta kosa hilo. Sheria iliondoka, woga ukabaki, na sasa tunautumia kuficha uvivu.

Halafu wale mashabiki wa majina makubwa. Mnampenda Nicholas Felton wa Marekani, aliyetoa ripoti za maisha yake mwenyewe kila mwaka, 2005 hadi 2014. Mnawapenda Giorgia Lupi na Stefanie Posavec, mmoja New York mwingine London, waliotumiana kadi za posta za takwimu kwa wiki 52, michoro ya mkono, wakihesabu saa walizotazama, malalamiko, hata milango waliyopita, mpaka mwaka 2016 jumba la MoMA likazichukua kadi zile. Safi sana. Lakini mlichoiga ni rangi. Kile cha kukaa na daftari wiki nzima unahesabu milango kama mwehu, hicho mmewaachia wao. Na wao walihesabu kilichokuwa mbele yao. Mbele yako Mlingotini si kahawa, ni fungu.

Mbegani yenyewe mmeisikia kwa ajili ya bandari. Mwaka 2013 mkataba ulisainiwa, picha za meli na makontena zikachorwa kwa rangi zote, mwaka 2019 mazungumzo yakasimama, na mpaka leo maneno bado yapo. Michoro ya bandari ambayo haipo nimeiona mingi kuliko ya dagaa waliopo.

Jumapili nilimpelekea yule mama duara langu. Nikamwamkia, nikamweleza juu ni mwezi mpevu, chini ni giza. Akalishika kwa vidole vya mafuta, doa lipo mpaka sasa. Hakuuliza wastani. Akaweka kidole pale palipobonyea akasema, "Hapa ndo nilipokopa unga." Akasogeza kidogo, "na hapa nikalipa." Kisha akanirudishia na kunionya nisiende kumwonyesha mwenye duka.

Kwa hiyo Ijumaa narudisha ripoti. Chati ya nguzo nitaiweka, kwenye kurasa za nyuma, na duara litabaki mbele pamoja na doa lake. Akikata maksi akate.

Ombi langu kwa mlioko Mwanza na Musoma: dagaa wa ziwa nao huvuliwa kwa taa. Nunueni fungu la jero kila siku, hesabuni kabla ya kula, nyongeza mtenge. Mwandamo mmoja unatosha. Nitumieni namba tu, msinitumie rangi.