Mzigo Usiokuwamo Kitabuni

Sisi tuliokulia chuoni, tukafunzwa kuhesabu siku kwa mwezi mwandamo, hatuna ugeni na watu wanaotazama mbinguni kabla ya kupanga karamu. Kwa hivyo sikujiona mgeni sana nilipojaaliwa kuwako Korea Kusini siku ya Ijumaa, tarehe 29 Septemba 2023, ambayo kwa hesabu yao ilikuwa siku ya kumi na tano ya mwezi wa nane. Siku hiyo huitwa Chuseok, na jina lake jingine la tangu jadi ni Hangawi. Ni sikukuu ya mavuno. Huku kwetu ulikuwa Mfungo Sita, watu wamo katika Maulidi. Mwezi ule ule mmoja.

Tofauti iko hapa. Miezi yetu huzunguka majira yote, ndiyo maana Ramadhani mara huingia kaskazi, mara huingia kusi. Wakorea wao, kila ipitapo miaka miwili au mitatu, huongeza mwezi mzima katika mwaka ili sikukuu isiachane na mavuno yake, hata Chuseok haitoki baina ya Septemba na mwanzo wa Oktoba. Wazee wetu pia walilijua jambo hili: kwa ibada walifuata mwezi, na kwa kilimo na safari za majahazi wakafuata Nairuzi na miongo yake. Mkorea ametia hesabu zote mbili katika mkoba mmoja.

Sikukuu yenyewe ni siku tatu, na mji mkuu wa Seoul huhamia barabarani. Kila mtu anakwenda kwao. Tangu 2017 serikali ilianza kuwasamehe wasafiri ada ya barabara kuu katika siku hizo, na hata hivyo mwendo wa saa nne tuliutimiza kwa saa tisa. Mwenyeji wetu, mtu wa makamo na mtoto wa kwanza wa kiume kwao, alikuwa akitupeleka nyumbani kwa mama yake, upande wa kusini magharibi. Wiki chache kabla yake, yeye na ndugu zake walikwisha kwenda kufyeka majani makaburini. Desturi hiyo huitwa beolcho, na aliyeacha kaburi la babake lifunikwe na magugu, watu humsema.

Usiku wa kuamkia sikukuu tulikanda songpyeon. Ni vikate vya unga wa mchele mpya, ndani hutiwa ufuta na asali, au maharagwe, vikakunjwa kwa umbo la nusu mwezi, kisha vikapikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari, membamba kama ya mivinje yetu. Harufu yake hukaa mkononi hata asubuhi. Wao husema anayekunja vizuri atapata mtoto mzuri. Vyangu vilipasuka vyote, na mama wa nyumba akacheka hata akashika ubavu.

Lakini nilipotoka nje usiku wa manane, niliona taa ya jikoni ingali inawaka. Mkaza mwana wa nyumba ile, mke wa mwenyeji wetu, alikuwa amekaa chini juu ya magazeti yaliyotandazwa, mbele yake kikaango kipana, anachovya vipande vya samaki, vya maboga na vya nyama katika unga na yai, anakaanga, anageuza, anapanga juu ya ungo. Alikuwa ameanza tangu adhuhuri. Alfajiri nilimkuta papo hapo.

Asubuhi meza ikapangwa kwa ajili ya wazee waliotangulia, ibada wanayoiita charye. Nilihesabu vyano zaidi ya ishirini. Matunda mekundu yakawekwa mashariki na meupe magharibi, pombe ya mchele ikamiminwa, wanaume wakasujudu kwa zamu. Mimi nilikaa kando kwa adabu, kwani paji langu lina mwenyewe, nao hawakunilazimisha. Mwanamke aliyekaanga vyote vile alisimama mlangoni, mikono ameifuta kwa aproni, akingoja kuondoa vyombo.

Waama hili si siri kwao. Wakorea wana jina kabisa la maradhi ya sikukuu, yaani uchovu, maumivu ya mgongo na ugomvi wa nyumbani unaowapata watu, hasa wake, kila Chuseok na kila mwaka mpya. Na kwa mazoea ya zamani mke hwenda kwanza kwa mavyaa yake, na kwa wazazi wake mwenyewe hufika sikukuu imekwisha kupoa.

Sasa tazama ajabu. Tarikh yao kongwe, Samguk Sagi, iliyokamilika mwaka 1145, yasimulia kwamba zamani za ufalme wa Silla wanawake waligawanywa makundi mawili wakashindana kufuma kwa mwezi mzima hadi siku ya kumi na tano ya mwezi wa nane. Walioshindwa waliwaandalia washindi chakula na vinywaji, wakaimba na kucheza. Kwa masimulizi hayo, wa kwanza kusherehekea siku hii walikuwa wanawake waliokwisha kuweka kazi chini.

Ndipo ninapowavulia kofia wazee wa Sungkyunkwan, chuo kikongwe cha mafunzo ya Confucius mjini Seoul. Mwezi wa Septemba 2022, kamati yao ya taratibu ilitoa mfano wa meza ya charye yenye vyano tisa tu. Wakasema vya kukaanga si lazima, wakamtaja mwanachuoni Kim Jang-saeng (1548–1631), aliyekwisha kuandika kwamba vyakula vya mafuta si katika adabu za ibada ile. Wakaongeza kwamba ile kanuni ya nyekundu mashariki na nyeupe magharibi haina msingi katika vitabu vya kale. Yaani watu walibebeshana mzigo kwa jina la kitabu, na kitabu hakina habari nao.

Kazi ya wenye elimu ni hiyo. Asiyesoma akisema chakula kipunguzwe, ataambiwa mvivu au hana adabu. Aliyesoma akisema, mavyaa husikiliza. Ijapokuwa si wote: nilimwuliza mwenyeji wetu kama alizisikia habari zile, akasema alizisikia, ila mama yake ana miaka themanini na nne na yeye hataki kuwa wa kwanza kumpunguzia babake chano.

Baada ya kurudi makaburini, wakati wa magharibi, mke akafunga virago kwenda kwao, mwendo wa saa tatu. Mwezi ulikuwa unachomoza, mkubwa na mwekundu kidogo. Alinipakilia songpyeon katika mkebe, vile vizuri alivyokunja yeye.

Idi iliyofuata, Aprili 2024, nami niliingia jikoni kwangu usiku, nikauliza katika biriani, mahamri, visheti, kaimati na tambi ni kipi tungeweza kukiacha. Mama watoto hakujibu. Alinisogezea kisu na kikapu cha vitunguu.